Mwalimu Nyerere na Mlango wa Darasa la Tano

Msafiri atokaye Mwanza kwenda Musoma, akishaiacha Igoma, hufika Kisesa baada ya mwendo wa kilometa zipatazo 20. Hapo barabara hukata katikati ya maduka na soko, na si mbali na hapo pana Bujora, penye Makumbusho ya Wasukuma. Kisesa imo katika Wilaya ya Magu. Wenyeji wake wengi ni Wasukuma, watu wa pamba, mpunga, mahindi na mihogo, na watu wa ng'ombe vilevile.

Barabara hiyo ina habari moja inayotuhusu sana sisi walimu. Mwezi Oktoba 1967 Rais wa nchi, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, alitembea kwa miguu kutoka kijijini kwake Butiama hadi mjini Mwanza, safari ya zaidi ya kilometa 200, ili kuunga mkono Azimio la Arusha lililotangazwa mwezi Februari mwaka huo. Huko Mwanza mkutano wa TANU ulikuwa ukimngojea. Atokaye Butiama kwa barabara ya Musoma hana budi kupita Kisesa kabla ya kuingia mjini. Mwezi Machi, miezi saba kabla ya safari hiyo, Mwalimu alikuwa ametoa Elimu ya Kujitegemea, andiko lililoazimia kubadili kila shule ya nchi, kubwa na ndogo, pamoja na shule za vijiji vya njiani.

Maisha ya Mwalimu Nyerere yameandikwa na wengi, na wengi wao wameyaandika kama maisha ya mwanasiasa. Katika makala haya tunakusudia kuyatazama kwa jicho la mwalimu wa shule ya msingi. Tutauliza jambo moja tu: huyu mtu, aliyepita yeye mwenyewe katika mlango mwembamba wa elimu ya kikoloni, alifanya nini na mlango huo alipopata uwezo wa kuufungua? Na vijiji kama Kisesa viliyapokeaje mageuzi yake katika madarasa ya kati, yaani darasa la tano, la sita na la saba? Swali hili si la historia peke yake. Wanachuo tunaowalea leo wanakwenda kufundisha madarasa hayo hayo wakati mageuzi mengine yamekwisha kuanza.

MTOTO ALIYECHELEWA KUANZA

Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 huko Butiama, mashariki ya Ziwa Viktoria. Baba yake, Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Mama yake, Mugaya, alikuwa mmoja wa wake wengi wa mtemi huyo. Jina la Kambarage alilopewa lilihusiana na mzimu wa mvua. Ingawa alikuwa mtoto wa mtemi, utoto wake ulifanana na wa watoto wengine wa pwani hiyo ya ziwa: mifugo, shamba, na jioni masimulizi ya wazee.

Hakuingia darasani mpaka mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Alipelekwa Mwisenge, shule ya bweni mjini Musoma, umbali wa kilometa 40 hivi kutoka kwao. Lugha ya nyumbani kwake ilikuwa Kizanaki, na Kiswahili ilimbidi ajifunze shuleni. Masomo ya miaka minne aliyamaliza katika miaka mitatu, akafaulu vizuri sana, na mwaka 1937 akapata nafasi katika shule ya serikali ya Tabora. Shule hiyo iliendeshwa kwa mfano wa shule za bweni za Uingereza, na Waingereza waliikusudia hasa kwa ajili ya kuwapata watemi na makarani wa kesho.

Hapa tusimame kidogo. Mwalimu wa leo akimpokea mtoto wa miaka 12 asiyejua kusoma wala kusema lugha ya shule, atamweka katika kundi gani? Wengi wetu tungemhesabu miongoni mwa waliochelewa, na tungemkalisha nyuma. Mtoto wa Butiama angeweza kupotea hivyo hivyo. Alipona kwa sababu mbili: akili yake, na bahati ya kuwa na nafasi. Akili aliwahi kuipata kila kizazi cha watoto wa Kanda ya Ziwa. Nafasi ndiyo iliyokuwa adimu, na hili Nyerere hakulisahau.

MWALIMU WA TABORA NA WA PUGU

Mwaka 1943 aliingia Makerere, Uganda, akasomea ualimu, na mwisho wa mwaka huo akabatizwa kwa jina la Julius. Alirudi Tabora na kufundisha katika shule ya misheni ya St Mary's kuanzia 1946 hadi 1949. Kisha akaenda Uskochi, Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambako alipata shahada mwaka 1952. Aliporejea alifundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Mwaka 1953 alimwoa Maria Gabriel, ambaye naye alikuwa mwalimu, aliyesomea kazi hiyo Sumve, katika nchi ya Wasukuma.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwezi Machi 1955 Nyerere alikwenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na aliporudi ikambidi achague kati ya siasa na ualimu. Akajiuzulu ualimu. Alikwenda Butiama, na kwa miezi kadhaa mtu huyo ambaye baadaye angeongoza taifa alikuwa akimfundisha Kizanaki padre mmoja wa shirika la Maryknoll. Aliacha darasa lakini hakuacha kufundisha, na jina la Mwalimu lilimfuata mpaka Ikulu.

Tunayataja haya kwa sababu mageuzi ya elimu mara nyingi huandikwa na watu ambao hawajawahi kushika chaki. Haya ya Tanzania yaliandikwa na mtu aliyekuwa amesahihisha madaftari. Hilo liliyapa nguvu, ingawa, kama tutakavyoona, halikuyakinga na makosa yote.

MLANGO MWEMBAMBA

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Waingereza walipanga elimu ya Waafrika wa Tanganyika katika ngazi tatu za miaka minne minne. Darasa la kwanza hadi la nne lilikuwa katika shule za vijiji. Darasa la tano hadi la nane lilikuwa katika zile zilizoitwa shule za kati, nyingi zikiwa za bweni na mbali na nyumbani. Baada yake ilikuja sekondari. Kati ya ngazi na ngazi palikuwa na mtihani.

Mtihani uliowaumiza watoto wengi zaidi ni ule wa darasa la nne. Nafasi za darasa la tano zilikuwa chache mno. Mtoto wa miaka 11 au 12, aliyekwisha kujua kusoma, kuandika na kuhesabu kidogo, alirudishwa nyumbani kuchunga ng'ombe, na baada ya miaka michache barua ikiletwa kijijini yeye mwenyewe hakuweza tena kuisoma. Kwa wasichana hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani wazazi wengi hawakukubali kumpeleka binti shule ya mbali.

Katika shule hizo za kati serikali ya kikoloni ilitilia mkazo kilimo. Wanafunzi walilima kwa jembe, walifuga, na walifundishwa matuta na samadi. Wazazi hawakupendezwa. Katika Usukuma, ambako pamba ilikwisha kuleta fedha na ambako vyama vya ushirika vya wakulima vilikuwa na nguvu kubwa katika miaka ya 1950, mzazi aliyelipa ada aliuliza swali la haki: je, nimeuza pamba ili mwanangu akajifunze jembe ambalo mimi mwenyewe namfundisha bure? Manung'uniko hayo yalisikika sehemu nyingi za nchi, na kufikia wakati wa Uhuru mkazo wa kilimo ulikuwa umekwisha kupungua sana.

Tarehe 9 Desemba 1961 nchi ilipopata Uhuru, watoto waliokuwa katika shule za msingi zote walikuwa kiasi cha 486,000. Serikali mpya kwanza ilitanguliza sekondari na Chuo Kikuu, kwa kuwa ilihitaji mahakimu, madaktari na wahandisi wake yenyewe. Hata hivyo sura ya madarasa ya kati ilianza kubadilika. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 darasa la nane liliondolewa. Shule za kati, kama aina ya pekee ya shule, zikatoweka, na badala yake ikaja shule moja ya msingi yenye miaka saba. Kuanzia 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika madarasa yote saba, wakati ambapo zamani Kiingereza kilitwaa nafasi katika madarasa ya juu.

Kwa mtoto wa Kisesa badiliko hilo la lugha lilikuwa na pande mbili. Kiswahili si lugha ya mama yake, bali ni ndugu wa Kisukuma. Tena alikisikia sokoni na katika redio. Kujifunza hesabu za sehemu au mzunguko wa maji kwa Kiswahili kulimwondolea mzigo mkubwa. Lakini mwalimu wake, aliyefundishwa kwa vitabu vya Kiingereza, alijikuta hana maneno. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka huo huo wa 1967, na istilahi zilichukua muda kutungwa na muda mrefu zaidi kufika vijijini. Walimu wengi wa miaka hiyo walitunga maneno yao usiku, wakayaandika ubaoni asubuhi. Kazi hiyo ya kimya haikuandikwa katika taarifa yoyote, nayo ilikuwa nusu ya mageuzi.

JEMBE LARUDI SHULENI

Andiko la Elimu ya Kujitegemea lilieleza waziwazi makosa ya elimu iliyorithiwa. Ilikuwa elimu ya kuwachuja wachache. Iliwatenga vijana na jamii yao. Iliabudu vitabu na kudharau ujuzi wa wazee. Tena iliwaondoa katika uzalishaji vijana wenye nguvu. Mwalimu alikumbusha kwamba kati ya kila watoto 100 wa shule za msingi ni kiasi cha 13 tu ambao wangepata nafasi ya sekondari. Basi shule ya msingi isingeweza kuendelea kuwa ngazi ya kupandia tu. Ilipaswa kuwa elimu kamili kwa wale 87 waliobaki.

Dawa aliyoipendekeza ilikuwa hivi: kila shule iwe na shamba au karakana, na iwe jamii inayojitegemea kwa sehemu. Lakini ni muhimu tukumbuke jinsi alivyolieleza shamba hilo, kwa sababu ndipo mbinu za kufundishia zilipo. Hakutaka shamba la mfano lenye trekta la msaada. Alitaka wanafunzi waanze na zana zile zile za kijijini, wapange pamoja na walimu wao nini kilimwe, waweke hesabu zao, waone faida na hasara, na washiriki kuamua matumizi ya mapato. Shamba lilikusudiwa kuwa kitabu cha hesabu, cha sayansi na cha uraia kwa pamoja.

Sasa mtu na ajiweke mahali pa mzazi wa Usukuma wa mwaka 1968. Jembe ambalo alilikataa katika miaka ya 1950, na ambalo alidhani limeondoka na Mwingereza, laonekana limerudi, safari hii likiletwa na serikali yake mwenyewe. Tofauti kati ya majembe hayo mawili ilikuwa kubwa katika maandishi ya Mwalimu. Kazi ya kuifanya tofauti hiyo ionekane kwa macho iliachwa mikononi mwa mwalimu mkuu na walimu wake.

Mahali pengine ilionekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko Kwamsisi katika Mkoa wa Tanga, wakufunzi wa Chuo cha Ualimu Korogwe walishirikiana na wanakijiji kutengeneza shule ya jamii, ambamo masomo yalifuata kazi na mahitaji ya kijiji, na wazee wenye ufundi waliingia darasani kufundisha. Mafunzo ya Kwamsisi yalienezwa baadaye kwa shule nyingine.

Lakini katika shule nyingi tofauti hiyo haikuonekana. Wanafunzi walilima, mwalimu alisimamia, mavuno yaliuzwa, na hesabu hazikusomwa mbele ya mtu yeyote. Kulima kuligeuzwa adhabu ya mtoto aliyechelewa. Mahali pengine watoto walijikuta katika shamba la mwalimu badala ya shamba la shule. Mzazi aliyeyaona hayo hakuhitaji kusoma andiko la Mwalimu ili kujua kwamba halikufuatwa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba Usukuma haukukosa msingi wa kujengea. Wasukuma walikuwa tangu zamani na vikundi vya vijana vya kulima kwa pamoja, vyenye viongozi wao walioitwa basumba batale, vyenye taratibu, zamu na nyimbo. Pia wana ushindani maarufu wa ngoma kati ya Bagika na Bagalu, ambao Bujora imeuhifadhi mpaka leo. Mwalimu wa darasa la sita ambaye angeligawa shamba la shule katika makundi mawili yanayoshindana, yenye viongozi waliochaguliwa na watoto, yanayopima matuta, yanayoweka kumbukumbu za mvua na kulinganisha mavuno, angekuwa ametekeleza Elimu ya Kujitegemea kwa njia ambayo babu wa kila mtoto angeitambua. Twasema hivyo bila kuwalaumu walimu wa wakati ule. Chuo hakikuwafundisha hivyo. Kiliwafundisha kwamba desturi ni somo la makumbusho, wala si mbinu ya kufundishia.

AZIMIO LA MUSOMA

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma. Mpango wa zamani ulikuwa kufikia elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1989. Musoma iliamua jambo hilo likamilike kabla ya mwisho wa 1977. Ada ya shule za msingi ilikuwa imekwisha kuondolewa mwaka 1973, na chujio la darasa la nne lilikuwa likiondolewa katika miaka hiyo hiyo. Vijiji vya Ujamaa navyo vilikuwa vikiundwa kwa haraka, na mwaka 1974 watu wa Mkoa wa Mwanza walihamishwa kwa wingi, mara nyingi bila hiari yao. Hivyo familia nyingi zilijenga nyumba mpya na shule mpya katika msimu mmoja.

Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilivuka 3,000,000 kufikia mwaka 1980. Katika madarasa ya chini watoto wa miaka saba walikaa pamoja na wenzao wa miaka 12 au 13, umri ule ule alioanza nao Nyerere. Wanakijiji walifyatua matofali, wakajenga madarasa na nyumba za walimu. Pasipokuwa na chumba, mwembe ulitumika. Shule ziligawa watoto, wengine asubuhi, wengine alasiri.

Walimu walitoka wapi? Serikali iliwachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawaweka vijijini wafundishe saa chache kwa siku huku wakijifunza ualimu kwa muda wa miaka mitatu. Masomo yao yalikuja kwa posta na redio, wakiongozwa na mratibu wa elimu wa kata, na mwishoni walipelekwa chuoni kwa wiki chache. Makumi ya maelfu walipita njia hiyo. Watu wenye dhihaka walizichukua herufi za UPE, jina la Kiingereza la mpango wenyewe, wakasema maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu.

Dhihaka hiyo tumeisikia mara nyingi, nasi twaona haikuwa ya haki. Kijana wa miaka 17, aliyekabidhiwa watoto 60 na boksi la chaki, akatembea kilometa kadhaa kwenda kwa mratibu wake siku ya Jumamosi, alibeba ahadi ya taifa zima kwa mshahara mdogo. Wengi wao walikuja kuwa walimu wakuu hodari. Lakini ni haki vilevile kusema kwamba mzigo huo uliwazidi wengine, hasa walipofikia darasa la tano na kuendelea. Kumfundisha mtoto wa darasa la kwanza herufi ni kazi ngumu, ila kijana yule aliiona ikifanywa na mwalimu wake mwenyewe. Kumfundisha mtoto wa darasa la sita kwa nini tunageuza sehemu tunapogawanya sehemu kwa sehemu ni kazi nyingine. Asiyeielewa sababu hutoa kanuni, na anayepewa kanuni bila sababu huikariri. Ndivyo ukariri, ambao Mwalimu aliupiga vita mwaka 1967, ulivyorudi katika madarasa ya kati kwa mlango wa nyuma.

Kuna jambo jingine. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka 1978 alifika la tano mwaka 1982 bila kuchujwa, na mwaka 1984 akamaliza la saba. Nafasi za sekondari hazikuwa zimeongezeka kwa kiasi hicho. Walioendelea katika shule za serikali hawakufikia hata mmoja kati ya kumi. Kwa hiyo mlango mwembamba haukuvunjwa. Ulihamishwa kutoka mwisho wa darasa la nne kwenda mwisho wa darasa la saba. Miaka mitatu zaidi ya kusoma ni faida kubwa, na hakuna mzazi wa Kisesa ambaye angependa irudishwe nyuma. Lakini mzazi huyo alipoona mwanawe wa miaka 15 amerudi nyumbani na cheti kisichomfungulia kazi, alihesabu upya. Wavulana wakaonekana tena machungani siku za shule, na wasichana wakabaki nyumbani. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na uhaba wa vitu viliiacha shule bila daftari. Katika miaka ya 1980 mahudhurio yalipungua, na malipo ya wazazi yakarudi.

MWALIMU AJISAHIHISHA

Sifa moja ya Nyerere ambayo kila mwanachuo angeiga ni kwamba alizoea kusahihisha kazi yake mwenyewe. Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, alitoa tathmini iliyotaja mafanikio na kasoro bila kuficha. Mwaka 1980 aliunda Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta, ambayo ilitoa taarifa yake mwaka 1982 baada ya kuchunguza mfumo mzima.

Aliacha urais mwaka 1985, na mwaka 1990 uenyekiti wa chama. Alirudi Butiama kulima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na akazikwa kijijini kwake. Mwaka 2001 ada ya shule za msingi iliondolewa tena, na watoto wakafurika madarasani kama walivyofurika baada ya Musoma, na upungufu wa madawati na walimu ukawa ule ule.

TUNAJIFUNZA NINI?

Leo mlango unahamishwa tena. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na mtoto analazimika kusoma miaka kumi mpaka mwisho wa kidato cha nne. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa, likiwamo la tatu. Walioanza la tatu mwaka huo wanamaliza la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao wenzao waliokuwa la nne wanamaliza la saba. Kwa hesabu hiyo makundi mawili yanabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja mwaka 2028. Kijiji chochote kinachofyatua matofali kwa ajili ya madarasa kinajua maana ya hesabu hiyo.

Katika safari zetu za kukagua mazoezi ya kufundisha tumewakuta walimu wa darasa la tano walio na kitabu kipya mkononi na mbinu ya zamani ubaoni. Tumeona pia bustani ya shule, ambayo hatutaitaja mahali pake, ikipaliliwa na waliokosea hesabu. Mwaka 1967 haujatuacha. Maisha ya Mwalimu yanatupa mambo matatu ya kuyafanya.

Kwanza, mageuzi yaelezwe kwa wazazi kabla hayajaonekana kwa watoto wao. Mzazi aliyelikataa jembe hakuwa mjinga. Alikuwa na kumbukumbu. Mwalimu mkuu aitishe mkutano wa kijiji, aeleze kinachobadilika na sababu yake, na asome hesabu za shamba la shule mbele ya watu wote.

Pili, nguvu za mafunzo ya walimu zielekezwe katika madarasa ya kati. Hapo ndipo mtoto anapotoka katika kujifunza kusoma na kuingia katika kusoma ili ajifunze. Mwanachuo asipewe cheti kabla hajaweza kueleza sababu ya kila kanuni anayoifundisha, kwa maneno ambayo mtoto asemaye Kisukuma nyumbani atayaelewa.

Tatu, tusimhukumu mtoto kwa umri wala kwa lugha aliyokuja nayo. Kila mwaka, katika darasa fulani la shule fulani ya pwani ya ziwa, anaingia mtoto wa miaka 12 aliyechelewa, asiyejua vizuri Kiswahili, anayenuka moshi na ng'ombe. Mwalimu wake hawezi kujua amempokea nani. Anachoweza ni kumkalisha mbele, kumwita kwa jina lake, na kumfundisha somo la siku hiyo vizuri.